Siku kumi kabla ya saa kumi na moja: shajara ya mradi wa tarehe za ndani

8 Januari 2024

Tumeanza. Mkurugenzi wa utafiti amenikabidhi kazi hii rasmi: kabla mwaka huu haujaisha, chuo kiwe na utaratibu wa tarehe za ndani kwa kila andiko la ruzuku linaloondoka hapa kwenda kwa mfadhili. Tarehe ya ndani ni siku ambayo mtafiti awe ameshaleta kazi yake ofisini kwetu, mapema kuliko siku ya mfadhili mwenyewe, ili bajeti ihakikiwe, barua zisainiwe na mtu mwenye macho mapya alipitie andiko.

Utaratibu tulionao sasa ni karatasi moja mlangoni: "Maandiko yote yaletwe wiki mbili kabla." Ilikuwapo kabla sijaajiriwa. Hakuna anayeifuata, wala hakuna anayemuuliza asiyeifuata. Maandiko huja alasiri ya siku ya mwisho, mengine kwenye flashi, mengine kwa WhatsApp, na sisi tunaanza kuulizana Katibu wa Chuo yuko wapi.

Shajara naiandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tunachozungumza ofisini. Mhasibu wetu ni wa Arua, mwanasheria amesomea Dar es Salaam, mimi ni wa Tanga, na Kampala imetukusanya. Pia wenzetu wa Morogoro na Eldoret wameomba kuona tutakavyofanya. Nasikia na wao wana karatasi kama ile mlangoni.

Sina nia ya kugeuza wiki mbili ziwe tatu. Nataka kwanza kujua hizo wiki mbili zina kazi gani.

17 Januari

Nimetoa masjala mafaili ya maandiko ya zamani na kusoma mihuri. Muhuri wa "Imepokelewa" husema mengi kuliko mkutano. Njia ni hii: mtafiti mkuu, mkuu wa idara, mkuu wa kolegi, mhasibu wa ruzuku, ofisi yetu, mwanasheria pale mfadhili anapokuwa na masharti ya mkataba, kisha Katibu wa Chuo. Kwa chuo cha umma hapa Uganda Katibu ndiye afisa mhasibu, kwa hiyo ahadi yoyote ya fedha ni yeye atakayeulizwa.

Nilidhani nitakuta siku zimeliwa kwenye uandishi. Sivyo. Siku huliwa kati ya muhuri na muhuri. Faili limepokelewa Jumatatu, limesainiwa Alhamisi ya wiki inayofuata, na kati ya hapo hakuna aliyeandika hata neno juu yake. Lilikuwa linamsubiri mtu aliyesafiri.

Jambo la pili nimeligundua pale pale masjala, nimekaa juu ya boksi la karatasi: ndani ya mafaili hayo sayansi haimo. Kinachotembea kutoka meza hadi meza ni bajeti, barua za washirika na fomu ya idhini. Hakuna mkuu wa kolegi anayesoma mbinu za maabara kabla ya kusaini, na wala hatakiwi. Basi kwa nini tunamlazimisha mtafiti afunge sayansi yake wiki mbili mapema, wakati wanaosaini wanahitaji kurasa za fedha tu?

Hapo ndipo mradi huu umepata mgongo wake. Tarehe ya ndani haitakuwa moja. Vinavyohitaji mikono ya watu wengine vije mapema. Kilicho mikononi mwa mtafiti peke yake kije mwishoni.

24 Januari

Leo kalenda. Kesho kutwa ni 26 Januari, Siku ya Ukombozi, na nusu ya jengo imeshaanza kuaga.

Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, ndizo zinazotuletea maandiko mengi zaidi, na tarehe zao zinajulikana miaka nenda rudi: maandiko mapya ya R01, ruzuku yao kuu ya utafiti, ni 5 Februari, 5 Juni na 5 Oktoba, ya R21, ruzuku ndogo ya utafiti wa awali, ni 16 Februari, 16 Juni na 16 Oktoba. Siku ikiangukia wikendi au sikukuu ya serikali ya Marekani, inasogezwa hadi siku ya kazi inayofuata. Ikiangukia sikukuu yetu, haisogei. Tarehe 16 Februari ni Siku ya Askofu Mkuu Janani Luwum, sikukuu ya taifa tangu 2016. Tarehe 3 Juni ni Siku ya Mashahidi, na kabla yake mahujaji wanakuwa njiani kwa miguu kwenda Namugongo, wengine wakiwa ni watumishi wetu walioomba likizo tangu Mei. Siku mbili baadaye ni R01. Halafu 9 Juni ni Mashujaa. Na mwezi huo huo idara ya fedha inafunga vitabu vya mwaka, maana mwaka wa fedha wa serikali unakwisha 30 Juni na fedha ambazo hazijatumika hurudi Mfuko Mkuu. Mwombe mhasibu wa chuo cha umma akupitie bajeti mpya ya dola mwezi Juni uone atakavyokutazama.

Kwa hiyo tunahesabu siku za kazi za Uganda, na tunaandika tarehe yenyewe badala ya "siku kumi kabla". Siku kumi za kazi kabla ya 5 Juni mwaka huu ni Jumanne, 21 Mei. Ukisahau Mashahidi utapata 22, na siku moja hapo ni sahihi moja.

2 Februari

Saa. Nilidhani ni jambo la dakika tano, limekula asubuhi nzima.

NIH hufunga saa kumi na moja jioni kwa saa za mahali alipo mwombaji. Sisi tukiwa waombaji, ni saa kumi na moja ya Kampala. Watu husikia hivyo wakafurahi, kwamba hakuna kubadili saa. Lakini tazama upande wa pili: saa kumi na moja jioni yetu, Washington bado ni asubuhi. Wakiamka saa moja yao, hapa ni saa nane mchana wakati wa kiangazi chao, saa tisa wakati wa baridi. Ukikwama na akaunti yako siku ya mwisho, wa kukusaidia kule ndiyo kwanza anafungua mlango, na wewe umebakiwa na saa mbili au tatu. Mwenzako wa Boston ana siku nzima ya msaada. Wewe huna.

Horizon Europe, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kufadhili utafiti, hufunga saa kumi na moja jioni ya Brussels, ambayo kwetu ni saa moja usiku majira ya baridi, na saa kumi na mbili jioni kuanzia 31 Machi watakapobadili saa zao. UKRI, shirika la Uingereza la kufadhili utafiti, hufunga saa kumi jioni ya London. Piga hesabu: ni dakika ile ile ya Brussels, kiangazi na baridi. Sikuwahi kuliona hilo hadi nilipoziweka kwenye mstari mmoja.

Tena kuna tofauti ambayo inabadilisha kabisa ushauri tunaotoa. Kwa Horizon unaweza kupeleka andiko mapema, kisha ukalibadilisha na kulipeleka tena; la mwisho kabla ya saa ndilo linalohesabiwa. Kwa hiyo mtu wa Horizon anapaswa kupeleka toleo lolote lililokamilika siku kadhaa kabla, alale. Kwa NIH mambo yamekaa vingine: mfumo ukishapokea, unalikagua, ukiona kosa unalikataa, na kosa hilo lazima lisahihishwe kabla ya saa ya mwisho. Likipita safi, mwombaji ana siku mbili za kazi za kulitazama jinsi litakavyosomwa. Anayepeleka saa kumi na nusu ya siku ya mwisho amejinyima nafasi ya kusahihisha.

Tumekubaliana: tarehe zetu zote za ndani zinafunga saa sita mchana, Kampala, bila kujali mfadhili ni wa wapi. Saa sita Katibu bado yupo mezani, na umeme ukikatika, mchana umebaki wa kutafuta jenereta.

19 Februari

R21 imepita Ijumaa, sikukuu. Tuliijaribu kanuni mpya kwa andiko moja la hiari na likaenda Jumatano. Hakuna la kusimulia, na hilo ndilo tulilotaka.

12 Machi

Kikao na watafiti. Ukumbi ulijaa kuliko nilivyotarajia. Nadhani walikuja kugomba.

Profesa mmoja wa magonjwa ya kuambukiza, mzee ambaye ameleta fedha chuoni hapa kabla baadhi yetu hatujazaliwa, alisimama akasema, "Kijana wangu, wazo zuri linakuja usiku wa mwisho. Ofisi yako inataka nilikatae?" Watu wakacheka. Nikamwambia, "Hapana, mzee wangu. Lete bajeti na barua siku kumi za kazi kabla. Wazo lako kaa nalo hadi siku tatu kabla. Likija usiku, libadilishe, mradi halibadilishi fedha." Akauliza kama hilo litaandikwa. Nikasema litaandikwa. Akaketi. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita kubwa zaidi ya hiyo.

Vita ilitoka nisikotazamia, na kwangu ndiyo iliyobeba uzito wa siku. Dada mmoja, mhadhiri wa uuguzi, alisema tarehe za ndani huwaumiza wale wale wasio na msaada. Profesa ana msimamizi wa mradi, ana mhasibu wake, ana mtu wa kumfuatilia mkuu wa kolegi kwenye korido. Yeye anafundisha mchana, anasimamia wanafunzi wodini, anaandika baada ya watoto kulala, na bajeti anaijenga mwenyewe kutoka mwanzo akimwuliza rafiki. "Mkinivuta siku kumi nyuma," alisema, "hamjaniondolea usiku wa mwisho. Mmeusogeza tu, na mmeuweka katikati ya mitihani."

Hakuna aliyemjibu vizuri, mimi nikiwamo. Ila nikitafakari jioni ile kwenye teksi ya kwenda Ntinda, niliona kuwa ametupa nusu ya kanuni tuliyoisahau. Sisi tulikuwa tunaandika wajibu wa mtafiti kwa ofisi. Wajibu wa ofisi kwa mtafiti haukuwemo popote. Ukileta bajeti siku ya kumi, mimi nakurudishia lini? Katibu anasaini baada ya siku ngapi? Akisafiri, nani anasaini badala yake? Bila hayo, tarehe ya ndani ni fimbo tu.

15 Machi

Tumeongeza safu ya pili kwenye rasimu. Mtafiti akituletea bajeti siku ya kumi kabla ya saa sita, mhasibu anaijibu ndani ya siku mbili za kazi. Sahihi ya Katibu, au aliyekaimishwa kwa maandishi, inapatikana ndani ya siku tatu. Ofisi ikichelewa, tarehe ya mtafiti inasogea mbele kwa kiasi kile kile. Mhasibu alipoisoma alinitazama sana, kisha akasema, "Sawa, kaka, lakini basi nipe bajeti zinazofanana. Siwezi kumaliza kwa siku mbili kitu ambacho kila mtu ameandika kwa mkono wake."

Ana haki.

9 Aprili

Kazi ya kiolezo cha bajeti imechukua muda kuliko yote, na sioni kama ni muda uliopotea. Nusu ya sababu za kuchelewa zimo humu.

Mhasibu alinionyesha anachosahihisha kila mara. La kwanza ni NSSF. Mwajiri wa Uganda analipa asilimia 10 juu ya mshahara wa mfanyakazi, na mfanyakazi anakatwa 5. Watafiti huandika mshahara anaoufikiria mfanyakazi, wakasahau ile 10 ya mwajiri, na mwaka wa kwanza wa mradi ukianza, fedha hazitoshi kumwajiri mtu waliyemwahidi. La pili ni VAT ya asilimia 18 kwenye vifaa vinavyonunuliwa hapa. La tatu, mwombaji wa nje ya Marekani haruhusiwi na NIH kutumia bajeti ya mkupuo. Anatakiwa bajeti ya kina, kifungu kwa kifungu, kwa dola. Wengi wameona kwa wenzao wa Marekani ile ya mkupuo wakaiga, na ikabidi kuanza upya siku mbili kabla.

La nne ni gharama zisizo za moja kwa moja: umeme, ofisi, muda wetu. NIH huwapa waombaji wa nje asilimia 8 ya gharama za moja kwa moja baada ya kuondoa vifaa vikubwa na vitu vingine vichache. Horizon Europe ni asilimia 25. Mtu akichanganya mbili hizo, jumla yote inayumba, na jumla ikiyumba, barua zote za washirika zilizotaja kiasi zinarudi kusainiwa upya.

Kiolezo sasa kina karatasi moja kwa kila mfadhili. Unaandika mshahara, chenyewe kinaongeza 10. Kiwango cha kubadilisha shilingi kiko seli moja tu, juu, na mhasibu ndiye anayekibadilisha kila Jumatatu. Yule dada wa uuguzi ndiye tuliyempa ajaribu kwanza. Alijaza jioni moja. Alilalamika kuhusu rangi.

23 Aprili

Leo nimeondoa kitu kwenye orodha, na nimefurahi kuliko siku niliyoongeza.

Fomu yetu ya zamani ilidai cheti cha kamati ya maadili ya utafiti kabla ya andiko kutoka. Watu walikuwa wanasubiri kamati ikae, halafu wanachelewa. NIH haihitaji cheti hicho wakati wa kuomba. Inakidai baadaye, pale andiko linapokaribia kufadhiliwa. Hapa nyumbani, kamati ya maadili na kisha kusajiliwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST, ni lazima kabla utafiti haujaanza. Kuanza utafiti na kuomba fedha ni mambo mawili. Tumekiondoa, tumekiandika chini kwa wino mzito: "Baada ya kupata, kabla ya kuanza."

Kama una fomu ya aina hiyo chuoni kwako, isome na kalamu nyekundu. Nusu ya masharti yake ni ya mfadhili ambaye alishaondoka.

7 Mei

Usajili. Hii ndiyo tarehe ya ndani ndefu kuliko zote na haihusu andiko lolote.

Chuo kinachoomba fedha za serikali ya Marekani lazima kiwe hai kwenye SAM.gov, rejesta ya serikali hiyo ya wanaoomba fedha zake, na uhai huo unahuishwa kila mwaka. Tangu 4 Aprili 2022 namba ya kuitambulisha taasisi humo ni UEI, si ile ya zamani ya DUNS. Jina na anwani ya chuo lazima vifanane, herufi kwa herufi, na vilivyo kwenye namba ya NCAGE, namba nyingine ya utambulisho wanayopewa walio nje ya Marekani. Na anwani wanayotaka ni ya mahali: kiwanja, barabara. Sanduku la posta halikubaliki kama anwani ya mahali. Sisi ambao tumezaliwa na kukua tukiandika S.L.P. kwenye kila kitu, hapo ndipo mambo hukwama. NIH yenyewe inashauri kuanza usajili wiki sita kabla, na inasema wazi kuwa kuchelewa kusajiliwa si sababu ya kupeleka andiko baada ya muda.

Tumeuweka uhuishaji Novemba, mbali na kila kitu. Jukumu ni la cheo, si la mtu, na nywila ziko kwenye bahasha kwa Katibu. Upande wa Ulaya, yule anayekiwakilisha chuo kisheria kwenye tovuti yao naye anaorodheshwa, maana akistaafu bila kubadilishwa tunakuwa yatima.

Wiki sita pia ndio muda wa jambo jingine: andiko lenye gharama za moja kwa moja za dola 500,000 au zaidi kwa mwaka wowote linahitaji ruhusa ya NIH kabla ya kupelekwa, na ombi hilo liende angalau wiki sita mapema. Kwa hiyo tumeongeza hatua ya kwanza kabisa: taarifa ya nia, wiki sita kabla, ukurasa mmoja tu. Jina, mfadhili, makadirio ya fedha, washirika. Asiyeileta hakatazwi, ila hawezi kudai siku zake mbili za mhasibu.

16 Mei

Nilisahau kuandika hili mapema ingawa ndilo linaloikuta miradi yetu mingi. Mara nyingi si sisi tunaoomba. Anaomba chuo cha Marekani au Uingereza, na sisi ni washirika tunaopata sehemu. Chuo kile nacho kina tarehe yake ya ndani, na kinataka kwetu bajeti, maelezo ya kazi na barua yenye sahihi siku tano au zaidi kabla ya tarehe hiyo. Kwa mshirika, tarehe ya ndani ya mwenziwe ndiyo tarehe ya mwisho. Kuhesabu kutoka kwa mfadhili ni kujidanganya.

Swali la kwanza kwenye taarifa ya nia limebadilika basi: "Mwombaji mkuu ni nani, na ofisi yake inataka kwetu lini?" Watafiti wengi hawajui. Tunawaandikia wenzetu sisi wenyewe, ofisi kwa ofisi. Hujibu siku hiyo hiyo, na kwa upole. Wanajua joto lake.

6 Juni

R01 jana.

Yaliyofuata utaratibu yalikuwa yamekwenda Ijumaa, 31 Mei, kabla ya Mashahidi. Moja mfumo ulilikataa kwa kiambatisho: waombaji wa nje wanatakiwa kuweka waraka wa kueleza kwa nini utafiti ufanyike nje ya Marekani, na haukuwemo. Uliandikwa Jumanne, ukaingia, tukalala.

Moja lilikuja jana asubuhi. Mtafiti mkuu ni mtu wa heshima, sababu yake ilikuwa kwamba muhula umemlemea. Ofisini tuligawanyika. Mwanasheria alitaka tulikatae, ili kanuni ipate meno. Mimi sikukubali, na sijabadili mawazo. Tukilikataa, saa sita u nusu simu inatoka kwa Makamu Mkuu wa Chuo, saa saba tunalipeleka, na kuanzia hapo kila mtu anajua kuwa kanuni yetu inapita kwenye simu. Kanuni ambayo huwezi kuisimamia mbele ya mkubwa wako usiiandike.

Tulichofanya: tulilipeleka bila kulipitia. Fomu yake ikapigwa muhuri "Halikuhakikiwa", mtafiti na mkuu wa idara wakasaini kwamba kosa lolote la bajeti ni lao, na nakala ikaenda kwa mkuu wa kolegi. Mkuu wa idara alishika kalamu muda mrefu. Nadhani muhuri ule umefanya kazi kuliko katazo.

22 Agosti

Kamati ya utafiti ya Seneti imepitisha. Mjadala mrefu ulikuwa kuhusu sababu za kusamehewa. Nilipendekeza tuazime kwa NIH yenyewe: wanapokea andiko lililochelewa hadi wiki mbili kwa mambo kama msiba wa ndugu wa karibu, ugonjwa mkali wa ghafla au maafa ya asili, na wanataja bayana kwamba wingi wa kufundisha au kazi za utawala si sababu. Wajumbe walipenda la msiba, wakanung'unikia la kufundisha, wakalipitisha. Mjumbe mmoja aliuliza "ndugu wa karibu" ni nani kwa mtu wa Uganda. Kamati ikaamua: mtafiti ndiye atakayesema, na ofisi haitadai cheti cha kifo.

Wakaongeza jambo ambalo halikuwa kwenye rasimu. Kuna wafadhili wanaopokea andiko moja tu kwa kila chuo. Huko tarehe ya ndani ni mashindano ya ndani, na wiki sita hazitoshi. Tumeweka miezi mitatu, kurasa mbili za wazo, na wasomaji kutoka kolegi nyingine.

8 Oktoba

5 Oktoba ilikuwa Jumamosi, kwa hiyo R01 imefungwa jana, Jumatatu. Bajeti zilitakiwa 23 Septemba, andiko kamili 2 Oktoba. Muhuri wa "Halikuhakikiwa" haukutoka kwenye droo. Mzee wetu profesa alibadilisha lengo lake la pili usiku wa kuamkia 2 Oktoba na fedha hazikuguswa hata senti. Alikuja mwenyewe kuniambia.

Mahali tuliposhindwa ni upande wetu wa ahadi. Sahihi mbili zilizidi siku tatu, kwa kuwa barua ya kumkaimisha mtu wa pili kusaini bado iko kwa mwanasheria. Watafiti waliohusika walisogezewa tarehe kama tulivyoahidi, na mmoja wao alishangaa kweli kweli kwamba tumefanya hivyo.

Karatasi ya mlangoni nimeibandua, mahali pake kuna kalenda ya 2025. Februari imeshajazwa: 5 Februari ni Jumatano, bajeti 22 Januari saa sita mchana. R21 ya 16 Februari inaangukia Jumapili, na Jumatatu yake ni sikukuu ya Marekani, kwa hiyo ni Jumanne 18. Juni itakuwa kazi: Mashahidi tarehe 3, R01 tarehe 5, na Idd el-Adha inatarajiwa siku hizo hizo kulingana na mwezi. Nimemwomba mhasibu anipe siku mbili za ziada mwezi huo. Amesema atanijibu ndani ya siku mbili za kazi.